Simu mkononi wakati wa kunyonyesha: tuwashauri vipi mama wapya?

Mhudumu_Pipeline: Habari zenu. Ni mhudumu wa afya ya jamii huku mtaa wa Pipeline, Nairobi. Karibu kila nyumba ya mama aliyejifungua, mtoto yuko kwenye titi na simu iko mkononi. Chuchu nyingi zimepasuka, na watoto wawili wamepita wiki 2 bila kurudia uzito wa kuzaliwa. Kusema "weka simu chini" hakusaidii. Mama anashinda peke yake, simu ndiyo mwenzake. Niangalie nini?

Mkunga_Eastlands: Hao wawili wapeleke kliniki leo na vijitabu vyao, wapimwe. Usiwangojeshe kwa ajili ya mazungumzo ya simu.

Kwa wengine, anza na mkono. Mkono ulioshika simu ndio ungeshikilia titi au mabega ya mtoto. Mama akiinamia skrini, mtoto huteleza taratibu hadi kwenye ncha, anaitafuna chuchu badala ya kushika titi. Chuchu inapasuka, maziwa yanatoka kidogo.

Muonyeshe: tumbo la mtoto ligusane na la mama, pua ielekee chuchu, mdomo ufunguke wazi kabisa, ndipo mtoto aletwe kwenye titi, si titi kupelekwa kwa mtoto. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, weusi wa titi uonekane zaidi kwa juu. Maumivu yakiendelea, aingize kidole safi pembeni mwa mdomo wa mtoto, amtoe, waanze upya. Simu ingoje mpaka asikie mtoto akimeza.

Lishe_Kasarani: Mkono ni sawa, ila mimi jicho la mama lililo kwenye skrini ndilo linaloniogopesha. Mtoto mwenye njaa hugeuza kichwa akitafuta, hulamba midomo, hutia mkono mdomoni. Kilio huja mwisho, na anayelia hashiki titi vizuri. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Dalili zikipita bila kuonwa, idadi hiyo haifiki, na titi lisilotolewa maziwa hupunguza kuyatengeneza.

Kisha kuna yule "aliyenyonya dakika 40" kumbe amemeza chache, zilizobaki amesinzia. Akiacha kumeza, mama alibinye titi polepole. Bado kimya, ampe la pili. Programu za kuhesabu dakika hazioni hilo. Hesabuni nepi: kuanzia siku ya 5, zilizolowa zisipungue 6 kwa siku.

Baba_Githurai: Na usiku? Simu si ndiyo inayomzuia kusinzia na mtoto mikononi?

Mkunga_Eastlands: Swali zuri. Kusinzia na mtoto kwenye sofa ni hatari sana, kwa hiyo usiku asinyonyeshee hapo kabisa. Lakini mwanga wa skrini humnyima usingizi hata mtoto akishalala. Afadhali asikilize: redio kwa sauti ya chini, au ujumbe wa sauti wa dada yake. Upweke unapungua, mikono na macho yanabaki kwa mtoto.

Lishe_Kasarani: Muulize pia anasoma nini. Ugomvi kwenye kikundi cha WhatsApp unaweza kuchelewesha maziwa kushuka. Na akitumiwa matangazo ya maziwa ya kopo, ajue sheria ya Kenya ya 2012 inakataza matangazo hayo.

Mhudumu_Pipeline: Asanteni. Wale wawili tunaenda nao kliniki sasa hivi.