Altrasaundi imeonesha kifuko bila mtoto, wiki ya sita. Nisubiri tu?

Binti_Wete: Asalam alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, mimba ya kwanza, wiki ya sita kwa hesabu ya hedhi ya mwisho. Nimepigwa altrasaundi ya tumboni, kikaonekana kifuko cha milimita 11, ndani hamna kitu. Nimeambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Siumwi, sitoki damu, ila usingizi sina. Mavyaa anataka ninywe mizizi ya kusafisha tumbo, eti hiyo si mimba. Hedhi zangu huja kila baada ya siku 35 hivi. Naombeni ushauri, hasa wakunga.

Mkunga_Chake: Waalaykum salaam mwanangu. Mizizi usiiguse kabisa.

Sasa hizo siku 35. Hesabu ya kliniki huanzia siku ya kwanza ya hedhi na huchukulia kwamba yai limetoka siku ya 14. Lako hutoka karibu siku ya 21. Kwa hiyo mimba yako huenda ni changa kwa wiki nzima kuliko kadi inavyosema, na kiinitete chenyewe kina wiki tatu tu hivi.

Mbegu na yai hukutana ndani ya mrija wa uzazi, ule unaoelekea mji wa mimba. Yai hugawanyika seli mbili, nne, nane, huku likisogea kwenye mji wa mimba, na kati ya siku ya sita na ya kumi hujipachika ukutani. Wiki ya tatu tangu mimba kutunga ikiisha, moyo ndiyo kwanza unaanza kupiga, na mwili wote ni milimita mbili hivi. Kipimo cha juu ya tumbo kinaweza kisimwone. Cha ukeni huona mapema zaidi. Kifuko kikifika milimita 25 kwa kipimo cha ukeni na mtoto hayumo, hapo ndipo husemwa mimba haikukua. Cha 11 hakina hukumu. Sikuahidi kwamba ni salama, mwanangu. Leo hakuna awezaye kujua, ndiyo maana ya kurudi.

Mama_Rayyan: Shoga'angu, vidonge vya foliki (asidi ya foliki) unameza? Mikrogramu 400 kila siku. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga karibu siku ya 28 tangu mimba kutunga, ndizo siku zako hizi!

Abuu_Ilham: Dada, maumivu makali upande mmoja, kizunguzungu, bega kuuma, damu: ukiona hata kimoja usingoje miadi. Mke wangu mimba ilitunga kwenye mrija, tulimkimbiza hospitali usiku ule ule akapasuliwa. Kifuko kikiwa kitupu, uwezekano wa mimba ya mrija nao bado haujaondoka.

Binti_Wete: Ahsanteni sana. Foliki sijaanza, naifuata leo. Ijumaa nina safari ya boti kwenda Unguja, msukosuko hautaiharibu?

Mkunga_Chake: Mawimbi hayaing'oi mimba. Lakini maneno ya Abuu_Ilham ni ya kweli: mpaka ijulikane imekaa wapi, usiwe katikati ya bahari mbali na hospitali. Ahirisha. Na siku ya kurudi nenda na mavyaa, aingie chumbani aone mwenyewe.