Tupeane uzoefu: kurekodi gitaa la ridhimu mara mbili nyumbani (metali)

NyuziSaba, Nairobi
Wadau, leo tuongelee ridhimu. Miezi mingi nilikuwa napiga rifu (kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) mara moja, nainakili kwenye kompyuta, nakala moja kushoto, nyingine kulia. Sauti ikabaki palepale katikati, imeongezeka ukubwa tu. Nikachelewesha nakala moja kwa milisekunde 15. Kwenye hedifoni ikapanuka, nikafurahi sana! Kumbe furaha ya muda. Niliposikiliza kwenye simu yenye spika moja, gitaa likawa jembamba, kama linapigwa ndani ya bomba. Wimbi lilelile likikutana na lenyewe likiwa limechelewa, masafa mengine hufutana. Nilipopiga upya mara ya pili, toka mwanzo hadi mwisho, ndipo ukuta wa sauti ukasimama. Mkono haurudii kitu sawasawa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo upana wenyewe. Nyie yamewakuta yapi?

Kiganja, Dar
Mkuu, mimi iliniponza distoshoni, ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa. Teki moja (yaani rekodi ya kupiga mara moja) ilinguruma vizuri, nikiweka mbili inakuwa uji. Nikapunguza distoshoni karibu nusu. Ukisikiliza teki moja utasema nyonge, lakini zikiwa mbili, kila pigo la kuziba nyuzi kwa kiganja linasikika.

Jingine: tulikuwa wapiga gitaa wawili, kila mtu na upande wake. Mwenzangu anapiga nyuzi kwa kwenda juu-chini, mimi kwa kwenda chini tupu. Rifu moja, lakini pigo halikukutana hata tufanyeje. Nilipojua kwamba James Hetfield wa bendi ya Metallica ndiye aliyepiga ridhimu za pande zote mbili kwenye albamu zao nyingi, nikamwomba mwenzangu abaki na solo. Alinuna wiki nzima. Rekodi ilipotoka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisambaza.

Pwani_Nzito, Mombasa
Kutuni, jamani, kutuni! Yaani kuweka nyuzi kwenye sauti sahihi. Umeme ulikatika nikiwa nimemaliza upande wa kushoto. Uliporudi chumba kilikuwa tanuri, nikapiga wa kulia bila kugusa vifunguo. Kila upande peke yake ulikuwa safi. Pamoja, noti ndefu zikawa zinayumba, wau-wau-wau. Nikafuta zote mbili. Siku hizi natuni kabla ya kila teki, na ule uzi mnene nilioushusha hadi noti ya D siubani kwa nguvu, maana ukiubana unapanda juu.

NyuziSaba, Nairobi
Ya uzi mnene sikuijua, asante sana. Nami naongeza: sikilizeni mahali rifu inaponyamaza. Mimi nilikuwa natazama mwanzo wa noti tu, kumbe mkono mmoja unaachia mapema, mwingine unachelewa, na ule ukimya mfupi kabla ya ngoma kuingia unachafuka. Jana nimerudia mapigo manne ya mwisho ya kibwagizo mara 11 hadi pande zote zikafunga pamoja. Ilikuwa saa saba usiku, jirani amelala, gitaa nimelichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta.

Kuna aliyejaribu teki nne, mbili kila upande?