Naomba ushauri: nataka kuwapeleka wajukuu Udzungwa, maporomoko ya Sanje tutayaweza?

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo.

Mimi ni bibi wa miaka 63, naishi Morogoro. Likizo ya Juni nitakuwa na wajukuu wawili kutoka Dar, wa kike miaka 9 na wa kiume 6. Mwaka jana niliwatembeza kandokando ya mto tu, na yule mdogo akachuchumaa mbele ya jongoo mpaka miguu ikamfa ganzi. "Bibi, huyu anajuaje aanze na mguu upi?" Tangu siku hiyo kila akipiga simu ananiuliza tutarudi lini kwa jongoo.

Safari hii nawaza Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, tuingilie geti la Mang'ula. Hifadhi ile haina barabara ndani, ni kutembea kwa miguu, na ndicho ninachokitaka. Wawaone mbega wekundu juu ya miti, wasikie msitu ukinguruma maji kabla hawajayaona.

Shida ni maporomoko ya Sanje. Yana urefu wa mita 170 hivi na njia inapanda kwelikweli. Goti langu la kushoto linauma zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda. Waliowahi kwenda na watoto wadogo, mtoto wa miaka 6 anafika bila kubebwa? Au tubaki kwenye njia fupi za karibu na geti? Na asubuhi tuanze saa ngapi?

Naomba sana mnielekeze, nimeshawaahidi.