Mafundi na wauza spea, mnatumaliza: diski zinachongwa bila kupimwa, pedi feki zimejaa kwenye maboksi ya orijino

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimechoka kulipia tatizo lilelile la breki kwa watu walewale wasiotaka kulitafuta lilipo.

Nina pikapu, Toyota Hilux Vigo ya dizeli, four wheel. Kazi yake ni kushusha mboga kutoka Lushoto: kabichi, karoti, hoho. Anayeijua barabara ya Lushoto kupitia Soni hadi Mombo hahitaji kuelezwa. Ni zaidi ya kilomita 30, kona juu ya kona, jiwe upande huu na bonde upande ule, na mzigo unakusukuma muda wote. Gari la kazi hiyo breki zikianza kutetemeka, hatuzungumzii starehe. Usukani unacheza mikononi, unajikuta unalegeza mguu palepale unapotaka gari lipungue mwendo, na mbele yako Kosta inapanda imejaa watu.

Sasa sikilizeni ninachokutana nacho. Kila gereji niliyoingia, kuanzia huku milimani hadi Tanga mjini, jibu ni moja: "Kaka, diski zimepinda hizo, tuchonge." Hajafungua tairi. Hajaniuliza linatetemeka kwa spidi gani, likiwa na mzigo au tupu, mtetemo nausikia kwenye usukani au kwenye kiti. Diski, yale masahani ya chuma yanayobanwa na pedi ili gari lisimame, zinapelekwa kwenye mashine, zinachongwa, yaani uso wake unakwanguliwa uwe sawa, zinarudishwa, nalipa. Gari linatulia kabisa na unaondoka unamshukuru. Wiki chache baadaye mtetemo huo umerudi, na fundi yuleyule anakuambia bila haya kwamba diski sasa zimeisha, nunua mpya. Unanunua mpya. Zinatulia. Zinarudia.

Kinachoniuma ni kwamba sababu ya kurudia inajulikana, na mtu anayejiita fundi wa breki anatakiwa aijue kabla hajashika spana.

Diski ya chuma cha kusubu haipindi kirahisi namna wanavyotuambia. Mara nyingi kinachotetemesha gari ni unene wa diski kutolingana. Sehemu moja inakuwa nyembamba kuliko nyingine, pedi zikipita pale mafuta ya breki yanasukumwa na kurudi, na wewe unasikia mguuni na mikononi. Tofauti yenyewe haionekani kwa macho. Mikroni 15 hadi 20, yaani milimita 0.015 hadi 0.02, inatosha kuanza kusikika. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Halafu kuna mtu anapitisha kidole juu ya diski na kuniambia "iko poa hii".

Na unene huo hauharibiki wenyewe. Diski ikifungwa haijakaa sawa kwenye habu, kile kitovu ambacho diski na tairi vinafungwa, inazunguka ikiyumba kidogo. Siku ya kwanza husikii chochote, kwa sababu unene bado ni sawa. Lakini kila mzunguko, hata mguu wako ukiwa mbali na breki, ule upande ulioyumba unaigusa pedi. Unagusa, unagusa, unagusa, kilomita maelfu, mpaka sehemu ile inalika. Hapo ndipo mtetemo unazaliwa, na hapo fundi ameshakula hela yake na hakuna anayeunganisha mtetemo wa leo na ufungaji mbovu wa siku ile. Magari mengi yanataka myumbo wa diski usizidi milimita 0.05, na unapimwa kwa dayo geji, kile kisaa chenye sindano na mguu wa sumaku. Si kifaa cha kiwandani hicho, kinauzwa madukani. Nimeomba nipimiwe, nikaangaliwa kama mtu anayetafuta ugomvi.

Mara ya mwisho nilisimama pembeni ya gari nikaangalia kila kitu. Kalipa, ile inayozibana pedi, ilitolewa ikaachwa inaning'inia kwa mpira wake wa mafuta, wakati kipande cha waya kingetosha kuifunga kwenye springi. Diski ya kushoto ilikuwa imeshika kutu, ikapigwa nyundo mpaka ikatoka. Habu ikabaki wazi, na kuzunguka zile bolti kulikuwa na pete ya kutu nyekundu, imevimba, nyingine inabanduka vipande. Diski iliporudi kutoka kwenye mashine ikiwa inang'aa, kijana akaichomeka moja kwa moja juu ya ile kutu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, piga brashi ya waya kwanza hapo." Akanijibu, "Nati zitaibana, mzee." Nati haziwezi kuibana kutu ikatoweka! Chembe ya kutu pale katikati, ukifika kwenye ukingo wa diski myumbo wake umeongezeka maradufu. Brashi ya waya na msasa, dakika tano kwa kila tairi, ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Kuchonga kulikuwa mapambo.

Kisha nati zenyewe. Anakaza moja mpaka mwisho, anahamia ya jirani, kisha anapanda juu ya spana na kuruka. Vigo ina nati sita, zinakazwa kwa kuvuka, hii na ya mkabala wake, kwa awamu, na kwa spana ya kupimia nguvu kama ipo. Ukikaza upande mmoja kwa kuruka, diski na habu vinavutwa upande huo, tunarudi kwenye myumbo uleule.

Bado hawajaniambia kuhusu nyuma. Hilux ina valvu ya kugawa breki kufuata mzigo. Imefungwa kwenye chesisi, ina kifimbo kinachoshuka hadi kwenye ekseli ya nyuma. Ukipakia, chesisi inashuka, kifimbo kinabadili mkao, na valvu inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Sasa sote tunaobeba mizigo tunaongeza majani ya springi. Sawa, lakini ukiongeza majani chesisi haishuki tena kama zamani. Valvu inaamini bodi ni tupu hata ukiwa umejaza kabichi hadi juu ya kichwa. Nyuma inashika kidogo, na mbele inabeba kazi yote ya mlima. Diski za mbele zinachemka, pedi zinaungua, mtetemo unakuja, tunaambiwa tuchonge. Waliotuongezea springi hawakugusa kile kifimbo. Waliochonga diski hawakuinama kukiangalia. Wapo hata wanaoiondoa valvu kabisa, mafuta yaende nyuma moja kwa moja, wakidai inasumbua, na hilo ni jambo la hatari, kwa sababu ukiwa tupu kwenye lami yenye maji, nyuma inajifunga na gari linageuka.

Sasa nije kwa wauza spea, maana hawa hasira yangu kwao ni kubwa zaidi.

Nilienda duka moja Kariakoo, mtaa wenye maduka ya spea mengi kuliko uwezavyo kuhesabu, silitaji jina. Nikaomba pedi za mbele orijino. Nikapewa boksi zuri, lina stika yenye alama inayong'aa, lina namba inayoanza na 04465, ambayo kweli ndiyo inayoanzia namba za seti ya pedi za mbele za Toyota. Nikalipa bei ya orijino, si bei ya kubahatisha. Nyumbani, kabla hazijafungwa, nikazitoa kwenye plastiki. Maandishi ya mgongoni nikayakwangua kwa ukucha yakatoka kama unga. Bati la nyuma lina makovu ya kukatwa, kingo zinakwaruza kidole, rangi imepakwa juu ya kutu. Kwenye pedi moja kati ya zile nne, pale nyama ya pedi inapokutana na bati, ncha ya kisu iliingia. Iliingia, wakuu! Hiyo ni pedi ambayo ikipata moto wa kushuka Soni, nyama inaachana na bati na unabaki na chuma kwa chuma.

Nikarudi nayo dukani na boksi lake. Jibu: "Mali ikiuzwa haipokelewi." Nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaandikiwa ya mkono isiyo na jina la bidhaa. Kijana wa pale akaninong'oneza kwamba wateja wengi hawalalamiki. Hawalalamiki kwa sababu hawazitoi kwenye plastiki! Zinafungwa na fundi, boksi linatupwa, na gari likigonga inaandikwa "mwendo kasi".

Kuuza pedi feki si ujanja wa mjini. Sheria ya alama za bidhaa tunayo tangu 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kushughulikia bidhaa bandia. Boksi, pedi na risiti yangu vyote ninavyo, na malalamiko yangu nayapeleka kwa maandishi. Naomba na wengine wenye ushahidi wafanye hivyo, kila mmoja na wake.

Kwa wanaotaka kununua wiki hii, hivi ndivyo ninavyochagua sasa, na muuzaji asiyetaka nifungue boksi mbele yake hanipati. Kwanza naangalia aina. Gari la mzigo wa milimani linataka pedi zenye chuma ndani, semi-metaliki. Zinapiga kelele kidogo na zinakula diski haraka zaidi, lakini zinavumilia joto. Za kauri ni nzuri kwa gari la familia, kimya na vumbi dogo, ila kwa tani moja ya kabichi mteremkoni mimi sizichukui. Zile laini za bei ya chini kabisa hazifai hata kujadiliwa kwa kazi hii.

Pili, nasoma pembeni au mgongoni mwa pedi. Nyingi zina msimbo unaomalizikia na herufi mbili, kwa mfano FF au GG au FE. Herufi ya kwanza ni ukamataji wa pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni ikiwa na moto mkali. Kwa kipimo cha msuguano, E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo pedi ya FE inakushika vizuri asubuhi sokoni na kukupungukia katikati ya mteremko. Mimi nataka F mbili au zaidi. Ukikuta pia herufi E ndani ya duara na maandishi ya 90R, pedi imepita kipimo cha kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90 kinachohusu pedi za kubadilisha. Alama zinaghushiwa, ndiyo, kwa hiyo jaribu ukucha, angalia kingo, linganisha pedi zote nne zilingane unene na umbo.

Mafuta ya breki msiyasahau. DOT 3 mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, DOT 4 kwenye 230, lakini yakishanyonya unyevu yanashuka hadi kama 140 na 155. Kuna magari huku hayajabadilishiwa mafuta tangu yashuke melini.

Na pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa. Tafuta barabara tupu, toka 60 shuka hadi 10 kwa breki ya wastani, acha zipoe ukitembea, rudia tena na tena. Usisimame kabisa ukakanyaga breki zikiwa za moto. Hili linawahusu sana wanaotoka Lushoto: umeshuka mlima wote, unafika njia panda ya Mombo diski zinanuka, unasimama na mguu umekandamiza. Pedi inaacha alama yake pale ilipoganda, na mtetemo unaanzia hapo. Shuka na gia ndogo tangu juu, na ukifika chini acha gari litembee taratibu kidogo kabla ya kusimama.

Kwa mafundi wanaosoma hapa: sijasema kuchonga ni kosa. Diski yenye unene wa kutosha ichongwe, baada ya kupimwa. Unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe, MIN TH na namba yake. Mkichonga ikapita hapo mmempa mtu diski isiyohimili joto. Na diski iliyopata madoa ya bluu ya kuungua, pale chuma kimekuwa kigumu kwa ndani, mkiichonga doa linarudi kwa sababu pale hapaliki sawa na pengine. Hiyo mwambieni mwenye gari ukweli, itupwe.

Pia mjaribu handbreki kabla ya kushika diski za mbele. Sehemu salama, mwendo mdogo, unaivuta taratibu huku umebonyeza kitufe. Gari likitetemeka, tatizo liko kwenye madramu ya nyuma, na hela ya kuchonga mbele mnaichukua bure.

Ninachoomba sasa ni majina ya sehemu, si pole. Nani anamjua fundi wa Tanga, Korogwe au Muheza mwenye dayo geji na anayejua kurekebisha kifimbo cha valvu ya Hilux iliyoongezwa springi? Na kama kuna mwenye duka la spea anayekubali pedi zifunguliwe kaunta na kutoa risiti ya EFD yenye namba ya bidhaa, aseme yuko wapi. Picha za zile pedi, upande wa maandishi na pale kisu kilipoingia, naziweka kwenye komenti ya kwanza.