Tupeane uzoefu: kipengele cha mkataba wa harusi kilichokukamata

Kalamu ya Kuazima: Wakuu, salaam. Mdogo wangu anaoa, juzi kaniletea mikataba yake nimsaidie kuisoma. Nimeanza na wa ukumbi, nikakumbuka wangu. Nilisaini nimesimama, mchumba ananihimiza tunachelewa kupima nguo. Uliandika "ukumbi ni hadi saa nne usiku". Mimi nikaelewa sherehe inaisha saa nne. Kumbe saa nne ukumbi uwe mtupu, mapambo yameshapakiwa! Tulizidisha saa moja na nusu tukalipia mbili, maana kipande cha saa huhesabiwa saa nzima. Na kweli iliandikwa. Wewe ulikamatwa na kipi?

Mama Pacha: Mpiga picha. Nilimpenda kwa jicho lake, siku ya siku akaja kijana nisiyemjua. Mkataba ulikuwa na kampuni na ulisema "itatoa mpiga picha". Jina la yule niliyemtaka halimo popote. Nikaomba basi nipewe picha zote ghafi, nikaambiwa nilinunua zilizohaririwa tu. Tena mkataba ulisema hakimiliki inabaki kwao, mimi napata ruhusa ya kuzitumia tu. Zangu wamezitangazia biashara, na hilo nalo nilisaini. Dada yangu aliomba kipengele cha matangazo kikatwe kabla ya kusaini, kikakatwa bila ubishi.

Wawili Tu: Sisi tulifunga kimyakimya ufukweni, watu sita, tukaona mkataba wa nini. Kibali cha kupigia picha pale, sisi tulidhani mpiga picha kaomba, naye alidhani tumeomba sisi. Mlinzi hakudhani chochote.

Harusi ya 2020: Pole zenu, sikieni yangu. Corona ilipoingia nikaenda kwenye kipengele cha majanga. Kilitaja vita, mafuriko, tetemeko. Maradhi hakuna. Sawa, nikamwandikia mpambaji: "Tunafuta tarehe, tutakupa nyingine." Nilimaanisha tunasogeza. Mkataba wake ulikuwa na kifungu cha kuahirisha, ambapo malipo ya awali yanahamia tarehe mpya, na kingine cha kuvunja, ambapo yanapotea. Akashika neno "tunafuta". Nimebishana naye wiki tatu kwa ajili ya neno moja nililoliandika mwenyewe usiku wa manane. Nusu alirudisha, kwa huruma yake, si kwa mkataba.

Mpishi wa Shughuli: Naomba nami wa upande wa pili nisikike. Idadi ya mwisho unayonipa ndiyo unayolipia, hata wageni wasipotokea, kwa sababu mimi nimeshanunua na vibarua nimeshawaita. Halafu mkibadilisha jambo msinipigie simu. Leo anapiga bibi harusi, kesho shangazi, keshokutwa mwenyekiti wa kamati, kila mtu na lake. Andikeni mmoja tu mwenye mamlaka ya kubadilisha, na mabadiliko yasainiwe pande zote mbili.

Kalamu ya Kuazima: Mpishi, hiyo ya mtu mmoja naichukua. Sasa niko kwenye mkataba wa MC. Saa ya kuanza hakuna, ya kumaliza hakuna, umeandikwa "siku ya tukio" basi. Mdogo wangu anafurahi, eti MC atakaa nasi hadi mwisho. Nimempigia MC mwenyewe. Jioni hiyo hiyo ana harusi nyingine.