Naomba ushauri: nichukue kitabu kipi kuhusu Waskoti waliotimuliwa Highlands (nyanda za juu za Uskoti)?

Wakuu, habari zenu. Nilianza na mapigano ya Culloden ya 1746, sasa historia ya Uskoti imeninasa, hasa jinsi wenye ardhi walivyowatimua wakulima ili wafuge kondoo. Kule Strathnaver, bonde la huko huko Highlands, nyumba zilichomwa moto mwaka 1814!

Kwenye vitabu vya mtumba nimeona cha John Prebble cha 1963, kurasa zimeshakuwa rangi ya chai, bei chee. Cha T. M. Devine cha 2018 ni kipya, na bei yake imechangamka. Prebble anasifika kwa kusimulia, ila wanahistoria humlaumu kwa kuegemea hisia. Devine anagusa hadi Lowlands, yaani nyanda za chini. Mfuko unaruhusu kimoja tu.

Mliovisoma, nichukue kipi? Na nyimbo za Kigaeli (lugha ya watu wa Highlands) za waliofukuzwa wenyewe, zilizotafsiriwa, nitazipata wapi?