DAT: Kuhesabu michemraba kunanimalizia muda, mnatumia mbinu gani?

Binti_Ohio
Wakuu, habari za leo. Mimi ni Mtanzania, nasoma chuo huku Ohio na nataka kuomba shule za udaktari wa meno, kwa hiyo najiandaa na DAT, mtihani wa kuombea shule hizo. Baiolojia na kemia sina wasiwasi nazo. Kinachonitoa jasho ni PAT, ile sehemu ya maswali ya maumbo, hasa kile kipengele cha kuhesabu michemraba.

Kwa wasioujua: unaonyeshwa mchoro wa michemraba iliyogandishwa pamoja, halafu unaambiwa rundo lote limepakwa rangi kila upande ulio wazi, isipokuwa chini lilipokaa. Swali ni: mingapi ina pande mbili zenye rangi? Mingapi ina nne? PAT nzima ni maswali 90 kwa dakika 60, aina sita, 15 kila aina. Piga hesabu, ni sekunde 40 kwa swali.

Nikienda taratibu napata. Nikiwasha saa tu, macho yanarukaruka na ile iliyojificha nyuma inanipita. Mliopita njia hii, mnachora jedwali au mnahesabu kichwani? Natanguliza shukrani.

Gego_la_Mwisho
Dada, jedwali. Tena usisome swali kwanza, malizana na mchoro kwanza. Mchoro mmoja huwa na maswali kadhaa, na yote yanajibiwa na jedwali moja. Anayesoma swali "mingapi ina pande tatu", akahesabu, kisha akasoma linalofuata na kuanza upya, huyo ndiye anayeishiwa muda.

Andika 0, 1, 2, 3, 4, 5 kwenda chini. Kabla ya kugusa pande, hesabu jumla ya michemraba, safu kwa safu, kwa urefu wake. Kumbuka kanuni: iliyojificha ni ile tu inayobeba mingine juu yake. Ukiona mmoja uko ghorofa ya tatu, chini yake ipo miwili, hata kama huioni. Usiongeze mwingine wa kubuni huko nyuma.

Chukua huu. Mstari wa nyuma una safu tatu, kushoto kwenda kulia: urefu 3, 2, 1. Mstari wa mbele una safu mbili, urefu 1 na 1, mbele ya zile mbili za kushoto. Jumla 8. Sasa tembea nao:

Nyuma kushoto, wa chini: umebanwa mbele, kulia na juu. Unabaki na nyuma na kushoto, 2.
Wa kati: kulia umebanwa, juu umebanwa, 3.
Wa juu kabisa: uko huru, 5.
Nyuma katikati, wa chini: kushoto, kulia, mbele na juu kote kumezibwa. Una 1 tu, mgongoni.
Wa juu yake: umebanwa kushoto tu, 4.
Nyuma kulia: umebanwa kushoto tu, 4.
Mbele, wote wawili: 3 na 3.

Jedwali linasema: pande 1, mmoja. Pande 2, mmoja. Pande 3, mitatu. Pande 4, miwili. Pande 5, mmoja. Jumlisha: 8. Isipofika 8 kuna uliyemruka, rudi hapo hapo kabla ya kujibu chochote.

Na usiifute ile sifuri. Haiulizwi, lakini mchemraba uliozibwa kote ukikosa pa kuandikwa, jumla yako haitakaa sawa.

mtu_wa_Tandika
Samahanini wakuu, naingilia. Hivi daktari wa meno na kuhesabu viboksi wapi na wapi? Huku nyumbani Muhimbili wanakuchukua kwa matokeo ya form six, fizikia, kemia, baiolojia, biashara imeisha. Hao Wamarekani wanataka mjenge nyumba?

Gego_la_Mwisho
Haha. Mkuu, daktari wa meno anafanya kazi kinywani akiangalia kwenye kioo kidogo, kushoto kunakuwa kulia. Wanapima kama kichwa kinaweza kugeuza umbo bila kuligusa. Na alama za PAT zinatolewa peke yake, haziingii kwenye wastani wa masomo. Ila shule zinaziangalia.

Kisu_Kikali
Mimi jedwali kwa kila mchoro sikubaliani nalo. Mchoro wenye michemraba mitano au sita unauona wote, unajibu kwa macho na kwenda. Jedwali weka kwa ile mikubwa.

Halafu hakuna aliyetaja mpangilio. PAT inaanza na maumbo ya kupita kwenye tundu, na hapo ndipo watu wanapokwama. Michemraba iko nambari 61 hadi 75, karibu na mwisho, unaifikia umeshachoka. Wakati maswali haya ndiyo yenye jibu la uhakika, hayana "nadhani". Ndani ya sehemu moja unaruhusiwa kuruka mbele na kurudi. Anza nayo, vuna alama zako, ndipo urudi kupigana na matundu na yale maswali ya kupanga pembe kwa ukubwa.

Na usiache swali tupu, jibu baya halikatwi alama.

Gego_la_Mwisho
Kwenye mpangilio naungana na Kisu. Kwenye jedwali bado nabisha. Kwa anayesema macho yanaruka, kalamu ndiyo dawa, mchoro uwe mdogo au mkubwa.

Mzee_wa_Ufizi
Mwanangu Binti_Ohio, sisi enzi zetu alama zilikuwa 1 hadi 30, sasa tangu 2025 naona wamehamia 200 hadi 600, lakini viboksi ni vile vile. Nakupa njia ya kuhakiki wakati wa mazoezi.

Lizungukie rundo kichwani. Kwa mfano wa Gego: kutoka mbele unaona pande 6, nyuma 6, kushoto 4, kulia 4, juu 5. Jumla 25. Sasa zidisha jedwali: 1×1, 1×2, 3×3, 2×4, 1×5. Unapata 1+2+9+8+5, ni 25. Zikilingana, lala usingizi. Siku ya mtihani usiifanye, itakula muda. Hii ni ya kunoa macho nyumbani.

Binti_Ohio
Shikamoo mzee, asante sana. Nimeijaribu kwenye michoro kadhaa inakubali, ila huu mmoja unagoma. Safu tatu kwenye mstari, urefu 2, 1, 2. Jedwali linanipa 3+5+3+3+5, yaani 19. Nikizunguka napata mbele 5, nyuma 5, kushoto 2, kulia 2, juu 3, jumla 17. Zile mbili zimekwenda wapi?

Mzee_wa_Ufizi
Marahaba. Jedwali lako ni sahihi. Hapo katikati pana bonde. Ile miwili ya juu inatazamana, na kila mmoja una upande wa ndani wenye rangi ambao ukisimama kushoto au kulia huuoni. Ongeza 2, ni 19. Kwenye mtihani pande za bonde kama hizi ndizo zinazosahaulika, kwa hiyo kila ukiona safu fupi kati ya mbili ndefu, iandike hiyo kwanza na majirani zake.

Kisu_Kikali
Hapo mzee kamaliza. Nyongeza: kwenye maswali ya mfano majibu ni 1 hadi 5. Jedwali likikuambia 0 au 6 kwa pande ulizoulizwa, usichague la karibu, hesabu upya.

Binti_Ohio
Nimeelewa wakuu. Kuanzia leo naanza na 61. Je, kwenye pembe nako kuna ujanja?

Gego_la_Mwisho
Pembe fungulia uzi wake dada, nitakuja. Huu tuwaachie watu wa viboksi.